Mnaosema Gaza ingekuwa Singapore, tuangalie ramani kwanza

Kuna hoja moja imezidi sasa. Mada ya Palestina ikianza tu lazima atokee mtu aseme si waliachiwa Gaza yao 2005, wangetaka wangeifanya Singapore, wao wakachagua maroketi. Inasemwa kwa kujiamini kweli kweli, ila ukimuuliza huyo huyo Gaza ina ukubwa gani anaanza kubabaika, wengine wanadhani ni linchi likubwa liko jangwani huko. Mimi hoja hii naona haina miguu, na wala sisemi kwa sababu ya dini au ushabiki, nasema kwa sababu ya ramani na biashara tu.

Tuanze na ramani basi. Ukanda wa Gaza ni kilomita za mraba 365. Urefu kama kilomita 41, upana ni 6 pale pembamba na 12 pale papana, basi, imeisha hiyo. Magharibi bahari ya Mediterania, kaskazini na mashariki Israel, kusini Misri kwa kipande cha kilomita 12 hivi. Kabla ya vita ya 2023 walikuwa wanaishi humo watu kama milioni 2.2, sasa chukua Zanzibar nzima, Unguja na Pemba, sensa ya 2022 ilihesabu watu karibu milioni 1.9, na Unguja peke yake inaizidi Gaza zaidi ya mara nne kwa ukubwa. Na karibu nusu ya hao watu wa Gaza ni watoto chini ya miaka 18.

Halafu hili la jangwa nalo tuliweke sawa. Gaza ni mji wa zamani mno na ulitajirika kwa sababu ya mahali ulipo, misafara ya ngamia yenye ubani kutoka kusini mwa Arabuni ilikuwa inaishia hapo, mzigo unapanda meli unaenda kwa Warumi. Hashim, babu yake baba wa Mtume, inasimuliwa alikuwa safarini kibiashara akafia hapo akazikwa hapo. Imamu Shafii, ambaye Waislamu wengi wa pwani yetu tunasali kwa madhehebu yake, kwa riwaya inayojulikana zaidi alizaliwa Gaza mwaka 767. Na ndugu zetu Wakristo nao, yule towashi wa Ethiopia kwenye Matendo ya Mitume 8, Filipo alimkuta kwenye barabara gani? Ya Yerusalemu kwenda Gaza. Yaani palikuwa njia panda ya dunia pale. Hata kwenye kilimo walikuwa vizuri tu, machungwa, zeituni, na stroberi za Beit Lahia kule kaskazini zilikuwa zinafika mpaka masoko ya Ulaya.

Sasa imekuwaje pawe pale pa foleni ya unga wa msaada?

Kwanza huo "ukanda" wenyewe haukuwepo. Hakuna mlima wala mto uliochora mpaka ule, ni mstari wa kusimamisha vita kati ya Misri na Israel mwaka 1949, majeshi yalipokomea ndipo mstari ukapita. Wenyeji wa pale walikuwa kama elfu 80, wakamiminikiwa na wakimbizi kama laki 2 kutoka Majdal, Isdud, Hamama, Beersheba na vijiji vingine vingi, na vingine kati ya hivyo viko mwendo wa saa chache kwa miguu kutoka kwenye uzio wa mpaka na Israel. Ndiyo maana mpaka leo karibu watu 7 kati ya 10 wa Gaza wamesajiliwa UNRWA, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi wa Kipalestina, kama wakimbizi, na kambi ni nane, Jabalia, Shati, Nuseirat, Bureij, Maghazi, Deir al-Balah, Khan Younis na Rafah. Ukisikia kambi usifikirie mahema (ingawa sasa hivi mahema ndiyo yamejaa), ilikuwa ni mitaa ya matofali imebanana, mtu kazaliwa hapo na baba yake kazaliwa hapo hapo.

Haya twende kwenye hiyo 2005 yenu. Ni kweli Israel iliwatoa walowezi wake kama elfu 8 kwenye makazi 21 na jeshi likatoka ndani. Walowezi waliacha mabanda makubwa ya kilimo cha kisasa, wafadhili wakachanga dola milioni 14 kuyanunua ili Wapalestina wayaendeleze, James Wolfensohn aliyewahi kuwa rais wa Benki ya Dunia akatoa na nusu milioni mfukoni kwake. Kila anayeleta hoja ya Singapore anajua mabanda yaliporwa, na kweli baadhi yaliporwa, hilo silikatai. Ila yaliyobaki yalilimwa na yakazaa! Kilichoua biashara ni geti la Karni mpakani na Israel, ndiyo lilikuwa mlango wa mizigo, likawa linafungwa siku kibao mfululizo, na nyanya na stroberi hazingoji mtu. Mkataba wa Novemba 2005 kati ya Israel na Mamlaka ya Palestina ulisema malori ya kuuza nje yafike 400 kwa siku mpaka mwisho wa 2006, haijawahi hata kukaribia. Na hiyo ni kabla Hamas hawajateka Gaza Juni 2007, muwe mnaangalia na tarehe jamani.

Singapore imetajirika kwa bandari. Gaza bandari iko wapi? Ujenzi ulianza 2000, Intifada ya pili (uasi wa Wapalestina dhidi ya Israel) ikaanza, kwisha. Uwanja wa ndege walikuwa nao, ulifunguliwa 1998, tena Bill Clinton mwenyewe akatua Gaza Desemba ile, miaka mitatu baadaye mabuldoza ya Israel yakachimbua njia ya kurukia. Anga hawana, bahari wana nusu nusu. Makubaliano ya Oslo, yale ya amani kati ya Israel na Wapalestina miaka ya 1990, yaliwapa wavuvi maili 20 za baharini, kiuhalisia wakawa wanaambiwa leo 12, kesho 6, wakati mwingine 3, na sadini wazuri wako mbali huko. Umeme, kituo ni kimoja tu, kikapigwa bomu 2006. Maji ya chini ya ardhi zaidi ya asilimia 95 hayanyweki, chumvi ya bahari imeingia na maji taka juu yake. Pesa wanatumia shekeli ya Israel. Mtoto akizaliwa, namba yake ya kitambulisho haikamiliki bila Israel kuiingiza kwenye daftari lake. Na hii ndiyo huwa inanichekesha kwa uchungu, mpaka 2023 mitandao yao ya simu ilikuwa 2G, kwa sababu masafa yanaruhusiwa na Israel. Sisi tunalalamika 4G inasuasua.

Na humo humo, wanaojua kusoma na kuandika wanazidi asilimia 95, na vijana walikuwa wanaandika programu kwa ajili ya wateja wa nje kwa umeme wa jenereta. Vijana wengi kuliko nusu hawakuwa na ajira. Siyo uvivu ule.

Hamas siwaachi salama pia. Walishinda uchaguzi wa bunge 2006, wakawapindua wapinzani wao wa chama cha Fatah kwa bunduki 2007, toka hapo hakuna tena kura ya bunge. Mahandaki ya kupitisha bidhaa kutoka Misri waliyatoza kodi vizuri tu huku saruji nyingine ikiishia kwenye mahandaki ya vita. Na Oktoba 7, 2023 waliuawa watu kama 1,200 na 251 wakatekwa, waliouawa wakiwemo vijana wetu wawili wa Kitanzania waliokuwa mafunzo ya kilimo mashambani jirani na ule uzio. Wale walikuwa na kosa gani? Lakini kilichofuata Gaza, wafu zaidi ya elfu 60 kwa hesabu za wizara yao ya afya, uchumi ukaporomoka zaidi ya asilimia 80 mwaka 2024, ukiniambia hiyo ni kujilinda basi tumeachana hapo.

Fikiria hata pesa ya karatasi. Noti mpya hazikuingia tangu vita ianze, zilizopo zimechakaa mpaka kuna watu riziki yao ni kugundisha noti zilizochanika, na 2025 kuna kipindi ukitumiwa pesa benki ukataka keshi, anayekutolea anakata mpaka asilimia 40. Wakala anakata 40!

Sasa tunaambiwa ujenzi mpya, dola bilioni 70 zinahitajika, kuna na michoro ya maghorofa ufukweni yanang'aa kama Dubai. Mimi michoro hainishtui. Nataka nijue nani atashika funguo za vivuko vya Kerem Shalom (kwenda Israel) na Rafah (kwenda Misri), lori la stroberi litapita kwa saa ngapi, na mvuvi ataruhusiwa maili ngapi, iandikwe, isainiwe, na atakayeivunja alipe. Bila hiyo mtajenga maghorofa halafu lifti zikose umeme.