Aliyegandishwa anabebwa na nani?

Januari 12, 1967, James Bedford, aliyekuwa profesa wa saikolojia huko California, alifariki kwa saratani. Mwili wake ukagandishwa kwa matumaini kwamba tiba ya baadaye itamrudisha. Yumo bado, ndani ya nitrojeni ya kimiminika, nyuzi 196 chini ya sifuri. Wenzake wa miaka hiyo karibu wote waliyeyuka.

Sayansi ilikuwa moja, watu ndio waliotofautiana. Familia ya Bedford ilihangaika naye, ikamhamisha huku na kule hadi Alcor, shirika la kugandisha miili, ilipompokea mwaka 1982. Kule Chatsworth, California, kwenye chumba cha chini makaburini walikohifadhiwa wengine, jamaa zao waliacha kulipa, na mtunzaji, Robert Nelson, fundi wa televisheni, akaishiwa. Mwaka 1979 ikajulikana kwamba maiti tisa zimeoza.

Watetezi wa ugandishaji wana jibu zito: siku hizi mtu hulipa mapema, mara nyingi kwa bima ya maisha, na sehemu ya fedha hutengwa kwa matunzo. Hategemei huruma ya wajukuu. Tena Alcor hawamwiti marehemu, wanamwita mgonjwa, na mgonjwa hatupwi. Jina hilo, nakiri, lina heshima yake.

Lakini mgonjwa huyu hana kauli. Ted Williams, nyota wa besiboli, alifariki 2002. Wosia wake ulisema achomwe, majivu yamwagwe baharini Florida. Mwanawe John-Henry akaleta kikaratasi chenye doa la mafuta, kimesainiwa na baba, yeye na dada yake mmoja, kwamba wote wagandishwe. Binti mkubwa akapinga hadi fedha za kesi zikamwishia. Umaarufu wote ule, na bado neno la mwisho likabaki kwa aliyemudu mawakili. Wengi walimshutumu John-Henry kwamba anataka kumfanyia baba biashara. Sina hakika: yeye mwenyewe alikufa kwa leukemia, saratani ya damu, mwaka 2004, naye akagandishwa Alcor.

Sayansi yenyewe sioni ikifika. Ila Robert Ettinger, mwasisi wa Cryonics Institute ya Michigan, taasisi nyingine ya kugandisha miili, alikuwa amejipanga kuliko wote. Alipogandishwa mwaka 2011, wake zake wawili walikuwa wametangulia (siku ya kuamka kutakuwa na kikao), na mama yake yumo humo tangu 1977. Akiamka, kuna wa kumwita mwanangu.