Twiga wa Florida hulala bandani

Nimezaliwa Voi, nikakulia Voi, lakini mara yangu ya kwanza kulala hoteli yenye wanyama dirishani ilikuwa Florida. Cheka ukipenda.

Tulifikia Animal Kingdom Lodge, hoteli ya Disney iliyofunguliwa 2001. Jengo letu ni Jambo House, mkahawa mmoja ni Boma, mwingine Jiko. Jiko nililolijua mimi lilikuwa la makaa na lilinitoa machozi kila jioni. Hili ni la kuwekewa nafasi mapema. Kuna na Sanaa, wanakouza naan na chatne, jambo ambalo Mpwani halimshangazi hata kidogo.

Asubuhi nikafungua pazia: twiga, pundamilia, kisha ng'ombe wa Ankole na pembe zake. Watu wamejaa barazani wakimpiga picha ng'ombe!

Ningekejeli, ila nashindwa. Kwetu tumepakana na Tsavo, iliyotengwa kuwa hifadhi 1948, na hifadhi zimemeza zaidi ya nusu ya ardhi ya Taita Taveta. Loji ziko karibu. Moja niliingia mara nyingi nikiwa mdogo, kwa lango la nyuma, na trei za mayai. Hakuna aliyenifukuza, lakini hakuna kilichowekwa pale kwa kunitarajia mimi. Hata ile "Jambo" ya mapokezi haikuwa yangu, maana sisi kwa sisi hatusalimiani hivyo. Florida nimesalimiwa "Jambo" hiyohiyo, nikiwa na kadi ya chumba mfukoni, na nakiri ilinoga.

Najua Wakenya wengi hulala loji kila Desemba. Nawasemea wanaokaa kando ya ua wa umeme, wanaomjua ndovu kwa kukesha wakipiga madebe mahindi yakikaribia kukomaa. Mvua za Aprili vitanda vya loji hubaki vitupu. Kuna hasara gani kumwita jirani alale usiku mmoja kwa bei anayoiweza, amwangalie ndovu akinywa maji bila kuhesabu mistari ya mahindi iliyobaki?

Jioni nikampigia mama kwa video, nikamwonyesha twiga.

"Huyo usiku analala wapi?"

"Wanaingizwa bandani, mama. Asubuhi wanatolewa."

"Kama mbuzi?"

"Kama mbuzi."

Akanyamaza kidogo. "Hebu waulize hao wenyeji wako kama banda linatosha ndovu. Hapa wapo wengi, na jana wamepita kwa kina shangazi yako."