Baharia: undugu wa wasela au kichaka cha waongo?

Siku hizi ukiingia X (zamani Twitter) au kwenye magrupu ya WhatsApp ya wanaume hukai dakika tano hujakutana na neno baharia. Jamaa kaachwa, anaambiwa "kaza baharia". Jamaa kafumaniwa, wanatokea watu hata hawamjui wanamtetea kwa sababu tu ni baharia mwenzao. Ila waulize kina dada, kwao baharia ni mwanaume muongo, mwenye wanawake watatu wanne na hana mpango na hata mmoja wao. Ndo maana kila siku kuna ugomvi, hawa wanasema ni neno la undugu tu mbona mnalikuza, wale wanasema neno hilo limewapa wanaume kibali cha kuumiza watu.

Kabla hatujaamua nani yuko sahihi turudi nyuma kidogo, maana kabla ya baharia kulikuwa na msela. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sela ni lile neno la Kiingereza sailor, yani baharia huyohuyo, likavishwa viambishi vyetu tukapata msela, wasela au masela, usela, kisela. Na limetokea Dar, mji wa bandari. Kumbuka hali ilivyokuwa mwanzoni mwa miaka ya 80, vita ya Kagera imeisha 1979, nchi haina fedha za kigeni, sabuni foleni, sukari foleni, 1983 ikaja ile operesheni ya wahujumu uchumi watu wakaogopa hata kuonekana na vitu ndani. Kipindi kile kijana akishuka melini na jinzi, raba na redio kaseti mtaa mzima unajua kafika. Asiye na kazi melini alizamia, anajificha humo ndani wakati mwingine hajui hata meli inaelekea wapi, na huko ndo tulikotoa mzamiaji na kuzamia, neno ambalo leo tunalitumia hata kwa mtu anayeingia kwenye harusi bila kadi. Wapo waliofika Ulaya, wapo waliokwama Durban na Cape Town wakaishi chini ya madaraja wakisubiri meli nyingine, na wapo ambao kwao wanasubiriwa mpaka leo.

Kwa hiyo usela wa mwanzo ulikuwa na sheria zake na zilikuwa na sababu. Gheto moja mnalala wanne, mwenye unga leo anapika, na mkizamia wawili humchomi mwenzako, maana mzamiaji akigundulika katikati ya maji anaweza kutoswa baharini. Kutunza siri kulikuwa kulinda uhai wa mtu. Baadae Bongo Fleva ikalichukua neno ikalisambaza mpaka Mwanza na Mbeya, msela akawa kijana yeyote wa kitaa. Na hili baharia la sasa kwangu ni msela yuleyule karudi na jina lake la Kiswahili.

Sasa wanaolitetea wana hoja, tusiwabeze. Mwanaume wa kwetu hajafundishwa kusema ameumia, amepoteza kazi, mke kaondoka, biashara imekufa, anakaa nayo kifuani. Akiandika "mabaharia nimeishiwa nguvu" anapata watu, na nimeona magrupu ambayo kweli watu wanachanga, mwenzao kafiwa au kalazwa hela inafika kabla ya ndugu. Hiyo ni thamani halisi. Ingawa hata hapo nina shaka na lile neno kaza, maana mara nyingi linafunga maongezi badala ya kuyafungua, mtu kaja kutapika yaliyomo moyoni anaambiwa akaze, basi anaondoka nayo vilevile.

Ila upande wa pili ndo unanigusa zaidi. Angalia siri ya leo inalinda nini. Baharia anamfichia rafiki yake aliyemwambia mkewe yuko semina Dodoma kumbe yuko Sinza, mke anapiga simu kuuliza, rafiki anaapa kabisa kwamba alimsindikiza stendi. Hapa hakuna wa kutoswa baharini. Anayelipia ni mwanamke asiyejua kitu, ni watoto, na tukiongea ukweli ni afya za watu, VVU havijaondoka. Mbaya zaidi anayekataa kushiriki anaitwa mume bwege, yani kumheshimu mkeo imekuwa aibu ya kufichwa mbele ya wenzako. Wanaosema ni utani tu, sawa, wengi wanatania, lakini kijana wa miaka 17 anayesoma hayo kila siku atajuaje wapi utani umeishia?

Na kina dada nao wakisema wanaume wote mabaharia wanamwachia muongo, kwa sababu kama wote tuko hivyo basi yeye hana la kujibu. Bora aitwe kwa jina lake tu, muongo.

Mimi neno nalitaka libaki, maana limebeba historia ya watu waliohangaika kweli. Ninachokikataa ni kulitumia kama ngao, umefumaniwa jibu kama wewe, usituingize wote. Halafu kuna watu hatuwaulizi kabisa kwenye huu mjadala, mabaharia wenyewe, wanaoendesha meli za mizigo na boti za Zanzibar, wenye siku yao duniani kila tarehe 25 Juni. Wapo na mabinti waliosoma pale Chuo cha Bahari Dar es Salaam. Binti kakaa darasani, kapata cheti, anaenda kutambulishwa ukweni anaulizwa kazi gani, akijibu "mimi ni baharia" sebule nzima inacheka, inabidi aanze kujieleza kitu ambacho nesi au mwalimu hajawahi kutakiwa kueleza.