Kiangazi kwenye mto Madison: pima maji kabla ya kurusha mshipi

Wavuvi wanaokwenda mto Madison, jimbo la Montana nchini Marekani, mwezi wa saba na wa nane kutafuta trauti kwa nzi bandia (ndoana iliyopambwa ifanane na mdudu) hubishana sana kuhusu rangi ya nzi. Kipima joto cha maji hawakitaji. Kwangu hicho ndicho kifaa cha kwanza, na msimamo wangu ni kwamba maji yakifika nyuzi 20 za Selsiasi, kunja mshipi hata kama sheria bado inakuruhusu.

Trauti ni samaki wa maji baridi. Maji ya nyuzi 10 hushika takriban miligramu 11 za oksijeni kwa lita. Yakifika nyuzi 20 hubaki kama 9, na hapo tunahesabu usawa wa bahari. Mji wa Ennis, kando ya Madison, uko mita 1,500 juu, kwa hiyo oksijeni ni pungufu zaidi. Samaki aliyepigana na ndoana dakika tano kwenye maji hayo, ukimwachia, anaweza kuogelea akaondoka vizuri machoni pako, kisha akafa baadaye.

Mto ukipata joto sana, jimbo hufunga uvuvi kuanzia saa 8 mchana hadi saa 6 usiku. Pale ambapo haujafungwa, wengi hupumzika mchana na kurudi jua likizama, kwa kuwa hewa imepoa. Hapo ndipo wanapokosea. Maji hayapoi kwa kasi ya hewa. Joto lake hufika kilele alasiri kuelekea jioni, hushuka polepole usiku kucha, na ubaridi hasa huupata alfajiri. Ingia mtoni kunapopambazuka, pima kila saa moja, tena pima kwenye mkondo unaotembea, kina cha goti, kipima joto kikiwa kwenye kivuli chako.

Madison wenyewe haupashi joto sawasawa. Sehemu ya juu, kutoka ziwa Quake (lililozaliwa na tetemeko la Agosti 1959) hadi Ennis, ina mawe mengi na maji ya kasi. Ziwa Ennis ni la kina kifupi, jua hulichemsha, na maji yanayotoka hapo kwenda chini huwa ya moto mapema. Kiangazi, sehemu hiyo ya chini waachie wanaoelea kwenye maboya.

Mtego mkubwa wa Agosti ni panzi. Upepo huwaangusha mtoni wakati jua limepanda, yaani maji nayo yanapopanda joto. Una nafasi ndogo, mara nyingi kati ya saa 4 na saa 6 mchana. Tumia ufito wa futi 9, mshipi wa uzito namba 5 au 6, panzi bandia wa ndoana namba 10, na chini yake nzi wa kuzama namba 16 kwa uzi wa sentimita 60. Rusha karibu kabisa na ukingo, kwenye nyasi zinazoinama, sentimita 30 tu kutoka ardhini. Panzi akianza kukokotwa na kuchora mstari juu ya maji, trauti hamgusi. Inua mshipi uutupe upande wa juu wa mkondo kabla haujakaza.

Uzi wa mwisho, ule mwembamba unaofungwa kwenye nzi, uwe wa unene wa milimita 0.20. Wanaotumia 0.13 wakidhani samaki hatauona huishia kumchosha kwa kuogopa kukatika, na trauti anayewinda panzi hana muda wa kukagua uzi. Bana kwa koleo kile kimwiba cha ndani ya ndoana. Wavu uwe wa mpira, maana wa nyuzi zenye mafundo humwondolea utelezi unaomkinga na maradhi. Lowesha mikono, mfungue akiwa majini, mshike kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Usimsukume mbele na nyuma. Maji yakiingia matamvuani kinyumenyume hayamsaidii. Akikaza mkia mwenyewe, mwachie.