Westlife na Wale Watatu Walioachwa

Kila inaposimuliwa habari ya Westlife, kundi la vijana waimbaji, husimuliwa kana kwamba ni sauti nzuri tu zilizowatoa vijana wa Sligo, mji mdogo wa magharibi mwa Ireland, zikawafikisha kileleni. Mimi niliyewahi kujaza daftari zima kwa kunakili mashairi yao kutoka redioni, nikingoja wimbo urudiwe ili nipate mstari ulionipita, siridhiki na masimulizi hayo. Sauti zilikuwapo, lakini aliyebisha hodi kwa niaba yao alikuwa mzazi: mama yake Shane Filan, mmoja wa vijana hao, mwenyeji wa mji wa Kiltimagh, alimtafuta Louis Walsh, meneja wa kundi jingine la waimbaji, Boyzone, ambaye naye ni mzaliwa wa huko huko.

Kundi lilikuwa na vijana sita, wote wa Sligo, na mwaka 1998 Walsh aliwapatia nafasi ya kulitangulia jukwaani kundi la Kimarekani la Backstreet Boys mjini Dublin. Ungedhani mambo yameiva. Simon Cowell, aliyekuwa akisaka wasanii kwa ajili ya kampuni ya muziki, alipowasikiliza aliwakataa, akataka baadhi yao waondolewe. Hatimaye watatu kati ya wale sita waliachwa, wakabaki Shane, Kian Egan na Mark Feehily, na baada ya usaili wa Dublin wakaongezwa Brian McFadden na Nicky Byrne, aliyewahi kuwa kipa wa vijana wa Leeds United. Mimi huona hapo ndipo kundi lilipozaliwa, na sipendi jinsi lilivyozaliwa, kwa sababu walioachwa walikuwa wameimba na wenzao tangu mwanzo.

Hesabu, hata hivyo, ilimpa Cowell haki. Tangu Aprili 1999, nyimbo zao saba za mwanzo zilishika nafasi ya kwanza Uingereza mfululizo, na mbinu yenyewe ilikuwa nyepesi mno: vijana watano wameketi kwenye viti virefu, wimbo unakwenda polepole, kisha sauti inapandishwa ghafla na wote wanainuka kwa pamoja. Nilijua wazi kwamba watainuka, na bado mwili ulinisisimka.

Brian alipoondoka Machi 2004, mashabiki wengi tulitabiri mwisho. Wanne waliobaki hawakumtafuta wa kuziba pengo; waliondoa kiti kimoja, wakaendelea kuimba, na mwaka uliofuata wakarudi tena kwenye nafasi ya kwanza.