Mchoraji Rembrandt alikata kilele cha mnara kwenye mchoro wake, alikosea au la?

Pale Amsterdam, Uholanzi, kando ya mfereji wa Oudeschans kuna mnara unaitwa Montelbaanstoren, ulijengwa 1516 kulinda mji, afu 1606 wakauongezea juu kile kilele kirefu chembamba. Rembrandt alikuwa anakaa jirani tu, mtaa wa Jodenbreestraat, na miaka ya 1640 akauchora ule mnara bila kilele. Wakati huo kilele kishakuwa pale karibu miaka 40, na lazima alikuwa anakiona akipita!

Kuna wanaosema huo ni uongo na mi siwabezi hata kidogo. Enzi hizo hakuna kamera, mchoro ndo kumbukumbu, sasa mchoraji akipunguza asichokipenda si anatupoteza sisi tuliokuja nyuma?

Ila angalia picha yake nyingine, iliyochapwa kwa bamba la shaba, ya kama 1651, ina miti na majumba ya shamba na mnara kwa nyuma. Picha hizi unapaka nta kwenye shaba, unachora kwa sindano, asidi inakula pale palipochorwa, afu unatia wino unachapa. Chapa za mwanzo mnara una kuba juu, za baadaye kuba halipo, mnara umebaki butu. Na shaba haifutwi kwa raba jamani, unaikwangua afu unaisugua mpaka ilainike, yaani alikaa chini akalitoa kuba kwa jasho lake. Hakusahau. Naona alitaka kitu kizee, kizito, kisichoinyang'anya miti jicho la mtazamaji. Tena bamba likichapwa kulia inakuwa kushoto, kuna picha yake nyingine ya bamba, ya mji wa Amsterdam, ya kama 1640, mji mzima umegeuka na akauacha hivyohivyo, kwa hiyo anayetafuta ramani humo anatafuta pasipo penyewe.

Kwa hii ya shaba niko upande wake kabisa, maana chapa za mwanzo zipo, anayetaka ushahidi wa kuba ataliona. Huu wa Oudeschans ndo unaniuma, ule ni mchoro wa mkono, hauna chapa ya kwanza ya kulinganisha, na kile kilele kingeanguka zamani bila mtu mwingine kukichora au kukiandika, leo tungeapa kwamba hakijawahi kuwepo.