Upande wa Marehemu

Mjomba wangu ni fundi wa vyombo vya muziki vya nyuzi mjini Kisumu, na kila chombo kinachoingia karakanani kwake hukiita mgonjwa. Nyatiti iliyochanika ngozi ni mgonjwa. Orutu iliyovunjika shingo ni mgonjwa mahututi. Sisi wa nyumbani tumeshamzoea. Waliotukuta kwenye vibanda vya majeneza, karibu na hospitali moja, walikuwa hawajamzoea.

Mgonjwa mwenyewe alikuwa udi wa mzee mmoja wa taarabu aliyehamia huku kutoka Mombasa. Mtoto wa jirani, mwenye afya njema kabisa, alimkalia. Mbavu zilisalimika, maana mgongo wa udi huundwa kwa vipande vyembamba vilivyopindwa kwa moto na kuunganishwa, na tumbo lile huhimili mengi. Uso ndio uliopasuka.

Nyatiti haina makuu. Mwili wake huchongwa kwa gogo moja la mti mwepesi wa jamii ya mkuyu, kisha huwambwa ngozi ya ng'ombe, na ngozi ndiyo inayoimba. Udi hauna ngozi. Ubao wa usoni, unene wake kama milimita 2, unatakiwa ustahimili mvuto wa nyuzi 11 bila kubonyea, na papo hapo utetemeke. Mafundi wa ng'ambo hutumia sprusi, mti unaokua polepole kwenye milima ya baridi hadi mistari yake ikabanana. Kisumu baridi iko wapi? Mjomba akasema tutafute saiprasi, mradi ni kavu na mistari yake imesimama wima ukiutazama ubao kichwani.

Tulizunguka kwa wauza mbao wa Kibuye hadi miguu ikawaka moto. Saiprasi ya siku hizi hukuzwa haraka, mistari yake mipana. Muuzaji mmoja alituapia kwamba ubao wake umekauka kabisa, huku akijifuta kiganja kilicholowa kwa kuushika. Ukibandika ubao mbichi utakaukia humo humo kwenye udi, na mbao hazisinyai sawasawa: kufuata mzunguko wa pete za mti husinyaa karibu maradufu kuliko kutoka kiini kwenda kwenye gome. Uso unapasuka tena, safari hii bila msaada wa mtoto.

Ndipo tukaambiwa kuna fundi wa majeneza aliyenunua mbao za dari za nyumba kuukuu iliyobomolewa.

Mjomba haamini macho katika kuchagua mbao. Huugonga ubao kwa kifundo cha kidole, akatega sikio. Ubao mzuri huitika na mlio ukadumu; mbaya hukohoa mara moja ukanyamaza. Akaanza na jeneza la kwanza. Ko, ko, ko. Sikio kwenye kifuniko. Akahamia la pili.

"Anasikiliza nini?" mama muuza omena akaniuliza.

"Kama kuna sauti, mama."

Akatua beseni lake chini.

Fundi wa majeneza akaja na uso wa majonzi. "Pole sana, mzee wangu. Imekuwaje?"

"Mgonjwa wangu. Uso wote umepasuka."

"Uwi! Ni ajali?"

"Mtoto alimkalia."

Watu wakaanza kusogea. Mjomba hakuwaona, maana jeneza la tano lilikuwa limeitika. Akakwangua vanishi kwa ukucha, akanusa saiprasi ya zamani, machozi yakamlenga. Mara akaona kioo katikati ya kifuniko.

"Nani alitoboa hapa?"

"Ni dirisha, mzee. La kumwonea uso."

"Uso ndio ninaoutaka mimi!" Akina mama wakaangua kilio. Mjomba akapima kwa shubiri, akatulia. "Basi si neno. Uso tutautoa huku kwenye miguu."

Kijana wa bodaboda akavua helmeti. Karai la mchango likaanza kuzunguka, na mchungaji mmoja mpita njia akafungua Biblia. Hapo simu ya Mjomba ikalia. Simu hiyo haisikiki ila kwa spika.

"Mgonjwa wangu anaendeleaje?" ilikuwa sauti ya mzee wa taarabu.

"Nimempatia jeneza zuri sana."

"Alhamdulillahi! Ukishampa uso mpya, mkaze na shingo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi ana harusi."

Mchungaji alifunga Biblia taratibu, akaondoka bila kugeuka nyuma.

Ilinibidi nieleze mimi, kwa mikono na miguu. Walicheka wote isipokuwa mwenye jeneza, ambaye alikataa kata kata kuuza kifuniko peke yake. "Jeneza lililo wazi nimuuzie nani?" Tukanunua zima. Mchango haukurudishika: kila mtu alikumbuka kutoa mia mbili, na karaini mlikuwa na sarafu tupu. Mama wa omena akaamua zote ziingie kwenye bei ya jeneza. Tukalipakia kwenye mkokoteni, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona matatu za Kondele zikimpisha mtu.

Harusini udi ulilia vizuri kuliko kabla ya kukaliwa, na hilo nasema si kwa undugu. Katikati ya wimbo wa pili nikaitwa mlangoni. Mama wa omena amekuja na kijana wa bodaboda na majirani zao kadhaa, wote wamevaa wakapendeza, na kijana wa kupokea wageni amewazuia akitaka kujua wao ni wa upande wa bibi harusi au wa bwana.

"Sisi," mama akasema, "ni upande wa marehemu."